Mpira Aliofunga Makame

Shoga zangu wa Kikwajuni, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake kwa nini nilitoka asubuhi kumfuata mkwe wangu Makunduchi, safari ya kwenda na kurudi kabla ya magharibi, nikarudi siku ya pili. Wengine mmesikia gari iliniharibikia msituni. Wengine mmesikia niligombana na shemeji. Hayakuwa hivyo, ingawa yote mawili yalikaribia. Naandika ili nisisimulie mlango kwa mlango, maana kila nikisimulia nasahau kitu.

Makame, mume wangu, waume zenu ndio waliomzika. Nilipokuwa ndani nakaa eda, gari yake ilibaki nje ubavuni mwa nyumba, pale pale alipoiacha. Hakuna aliyeisogeza. Mliifunika turubai, mkaizungushia mawe, mkawakataza watoto wasiipande, kama kwamba na yenyewe imekaa eda. Nawashukuru. Lakini mipira ya gari haitaki heshima ya namna hiyo. Ilibeba uzito ule ule mahali pale pale, jua na mvua, na nilipotoka nje mitatu ilikuwa imekwisha upepo na kufanya nyufa mbavuni. Mmoja tu ulisimama imara, wa nyuma kulia. Huo Makame aliununua mpya na kuufunga mwenyewe siku chache kabla hajalala kitandani asiinuke tena.

Shemeji yangu Haji, mdogo wake Makame anayekaa Makunduchi, alikuja eda ilipokwisha akasema gari iuzwe. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Shemeji, Makame alikuwa anafungua mipira yake mwenyewe. Hakupata kupeleka gari duka la mipira maisha yake. Wewe ikikupata pancha msituni Jozani, utamwita nani?"

Nikamwambia, "Ntakuja Makunduchi kumchukua mama. Nikishindwa kufika, uza."

Mama ni Bi Mwaka, mkwe wangu. Anakaa peke yake, macho yake hayaoni vizuri, na alikuwa ameomba aje kukaa na mimi katika nyumba aliyofia mwanawe. Bila ya gari ningemleta, ndiyo, lakini nisingeweza kumpeleka hospitali, wala kwao akipakumbuka. Warithi wengine walimwachia Haji neno. Haji akasema sawa, njoo tuone. Safari yangu ilikuwa hiyo.

Mkunazini, kutafuta jeki

Jeki ya Makame ilikuwa kwa rafiki yake Ameir, Mkunazini. Huko ndani ya Mji Mkongwe gari haipiti, nikaenda kwa miguu mapema, maduka hayajafunguliwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita vichochoro vile tangu msiba. Nilivaa baibui jipya aliloniletea dada yangu, nikajipaka mafuta ya udi kidogo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kunukia chumba.

Mlango ulifunguliwa na mkewe Ameir, Zuwena. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Eda umemaliza?"

"Nimemaliza, alhamdulillahi."

"Naona. Na asubuhi yote hii umekuja kwetu."

"Namtaka Ameir."

Zuwena akashika mlango kwa mikono miwili. "Unamtaka kwa lipi?"

Mimi, kwa ujinga wangu, nikaona haya kumwambia mwanamke mwenzangu kwamba nataka kufungua mipira. Nikasema, "Kuna kitu cha marehemu anacho. Nataka nizungumze naye mwenyewe."

Zuwena akageuka akaingia ndani. Nikamsikia anapanda ngazi, kisha sauti yake juu: "Shuka! Kizuka chako kimetoka eda, kimekuja kinanukia udi!"

Ameir akashuka amefunga shuka kiunoni, uso umemshuka. Nikamwambia mbio mbio, "Jeki, Ameir! Nnataka jeki ya Makame na lile bomba lake la chuma. Nnakwenda Makunduchi."

Halafu Zuwena akaanza kucheka huko juu ya ngazi mpaka akakaa chini. "Jeki! Mwenzangu umenikausha koo! Ingia, ingia unywe chai. Jeki ichukue, na Ameir mwenyewe mchukue akakufungulie, ila huyo umrudishe."

Nikanywa chai ya mdalasini na mkate wa kumimina, na kila akinitazama Zuwena alicheka tena. Tangu msiba nilikuwa sijachekwa. Watu walikuwa wananihurumia tu.

Kikwajuni, mlangoni petu

Ameir alishikilia kwamba mipira ifunguliwe nyumbani. "Marehemu angenilaani nikikuacha uende dukani. Tunavua mpira mmoja mmoja, tunauviringisha mpaka kwa fundi, tunaurudisha. Ndiyo ilikuwa kazi yake."

Kweli ilikuwa kazi yake. Makame alikuwa anatandika gunia, anavua shati, anaweka jeki juu ya kipande cha ubao. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama na gilasi ya maji. Hajanipa spana hata siku moja, lakini alikuwa anasema kila anachofanya, sijui kama anasema na mimi au na gari. "Legeza kabla hujainua. Usikaze kwa kufuata mzunguko, ruka, moja huku moja kule. Shusha, halafu kaza tena." Nilikuwa nasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Sisi tulianza na mpira wa mbele kushoto. Ardhi ya ubavuni mwa nyumba ilikuwa imelowa mvua zote zile. Jeki ikainua gari kidogo, kisha ubao ukaanza kuzama na gari ikarudi chini taratibu kama mtu anayekaa kitini. Tukatafuta matofali. Nati nazo zilikuwa zimeshika kutu. Ameir akavisha bomba kwenye mkono wa spana ili apate urefu, akapanda juu yake kwa miguu miwili. Spana ikachomoka, akaanguka na goti lake likapiga ukuta.

"Umeumia?"

"Sijaumia." Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. "Basi, bibi we, dukani si haramu."

Tukaijaza mipira upepo kwa pampu ya mguu, mguu wangu, maana wake haukufaa tena. Akaniambia niende pole pole na nisisimame mpaka dukani. Alirudi Mkunazini anachechemea. Zuwena alirudishiwa mume kama alivyotaka, ila na upungufu.

Mwanakwerekwe, dukani

Duka la mipira nililokwenda liko kando ya barabara kuu, kibanda cha mabati na mipira mikuukuu imepangwa nje. Fundi ni kijana wa bara, anaitwa Deo. Aliniamkia shikamoo vizuri, akaizunguka gari mara moja tu, akasema mitatu hii haizibiki, itupwe. Nikasema nafanya safari, niwekee mipya.

Hapo umeme ukakatika.

Mashine yake ya kufungulia nati inatumia upepo, na upepo unatiwa na umeme. Nikamuuliza hana spana ya mkono? Akasema anayo, lakini kwa kutu ile atavunja bolti. "Tusubiri mama. Unarudi sasa hivi."

Haukurudi sasa hivi. Nilikaa kwenye mpira wa lori nikala chipsi za muhogo, nikasali adhuhuri msikiti wa jirani, nikarudi nikakaa. Deo alinisimulia habari za mama yake aliyeko Tabora, hajamwona miaka. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia namfuata mkwe wangu. Akasema kwao mwanamke akifiwa na mume hamfuati mkwe, anamkimbia. Tukacheka.

Umeme uliporudi, kazi iliyotushinda mimi na Ameir asubuhi nzima aliimaliza kabla sijamaliza kukung'uta baibui. Mashine inalia kama bunduki, nati zinaruka. Alisugua kutu, akafunga mipira mipya mitatu, akazipiga nati kwa mashine ile ile mpaka ikawa haizungushi tena. Kisha akasogea kwenye mpira wa nyuma kulia.

"Huu mzima. Wacha nati zake nizipitishie mashine tu."

Nikasema, "Huo usiuguse."

"Kwa nini mama?"

"Kaufunga mume wangu. Ndiyo kazi yake ya mwisho ya mikono."

Deo akaondoa mkono upesi, kama aliyegusa sufuria ya moto. "Pole, mama. Basi hatuugusi." Akachukua kitambaa akafuta vumbi kwenye rimu, akarudi nyuma. Mimi nilimwona mtu mwenye adabu sana. Mpaka leo namwona hivyo. Lakini adabu yake na huzuni yangu ndizo karibu ziniue.

Kutoka Tunguu mpaka Jozani

Makame alinifundisha kuendesha kule Chukwani, kwenye njia za mchanga, na siku zote alikuwa pembeni yangu. Safari hii kiti cha pembeni kilikuwa na jeki. Mpaka Tunguu nilikwenda vizuri. Nilizungumza kidogo, peke yangu. Sioni haya kusema hivyo.

Baada ya Tunguu nikasikia mlio. Kwa, kwa, kwa. Nikipunguza mwendo unapungua, nikiongeza unaongezeka. Kisha gari ikaanza kutikisika upande wa nyuma, kama mtu amekaa nyuma anatingisha mguu. Nikasema moyoni, huyu Deo huyu. Mipira ya dukani hii! Nilimlaumu barabara yote. Nilikumbuka maneno ya Makame kwamba fundi wa duka anafunga gari ya mtu, si yake. Nikajiona mjinga niliyesaliti kazi ya mume wangu.

Nilipofika Jozani sikutaka kusimama. Maneno ya Haji yalikuwa masikioni: utamwita nani? Miti imefunga juu, wageni wameshuka kwenye mabasi yao wanapiga picha kima, na mimi napita katikati yao mwendo wa baiskeli, gari inagonga kwa, kwa, kwa. Mzungu mmoja alinipungia mkono. Nikampungia.

Kitogani, njia panda

Kitogani barabara inagawika, moja inakwenda Paje na pwani ya mashariki, moja inashuka Makunduchi. Pale njia panda anakaa mama mmoja, Bi Mize, anauza muhogo wa kukaanga na pilipili ya ukwaju. Siku hiyo alikuwa na wanawake wawili, jamaa zake wa Jambiani, wamekalia viroba vya mwani mkavu wakisubiri gari ya mzigo. Nikasimama hapo kwa sababu mlio ulikuwa umegeuka, umekuwa kishindo.

"Gari yako inakohoa," akasema Bi Mize.

Nikashuka na spana na bomba. Nikaanza na mipira ya Deo, nikiwa na hasira naye. Mbele kushoto, nati ya kwanza, nikasukuma. Haikwenda. Nikavisha bomba, nikakanyaga. Haikwenda. Mbele kulia vile vile, nyuma kushoto vile vile. Kijana wa watu alikuwa amezikaza kiasi kwamba kama ningepata pancha ningelala Jozani.

Nikabaki nimesimama. Sikutaka kwenda upande wa nne.

"Huo mmoja je?" akauliza mmoja wa wale wa Jambiani.

Nikaenda. Nilipochutama nikaona nati ziko nne, ya tano haipo. Nikaweka vidole, bila ya spana, kwenye nati ya kwanza. Ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Zote nne zilizunguka kwa vidole vyangu.

Nikakaa chini kwenye changarawe na baibui langu jipya.

Bi Mize alikuja akachungulia. "Huu alifunga nani?"

"Mume wangu. Marehemu."

"Alikuwa hajui?"

"Alikuwa anajua kuliko wote ninaowajua."

"Basi alikuwa hana nguvu," akasema Bi Mize, kawaida tu, kama anavyosema muhogo umeiva.

Shoga zangu, nililala na yule mtu kila siku. Alipomaliza kuufunga mpira ule alikaa barazani muda mrefu, shati halijavaliwa, akaniomba maji, akaniomba tena. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Joto. Nshamaliza." Joto halikuwepo, lakini nikampepea. Alilala kwenye lile bomba kwa uzito wake wote na nati hazikukaza, naye akajua hazikukaza, nafikiri alijua, akashindwa kuniambia, shika umalizie. Au hakujua. Hilo sitalipata. Mimi nilikuwa pale na gilasi ya maji mkononi, na aliyeniambia ni muuza muhogo wa Kitogani, ambaye hajapata kumwona.

Nililia kidogo. Wale wanawake hawakunikataza na hawakuniuliza. Kisha mmoja akasema, "Sasa unainua au tunakula?"

Nikainua. Jeki ilikaa vizuri, pale ardhi ni jiwe. Nikausukuma mpira mpaka ukakaa mahali pake, nikazungusha nati kwa mkono, nikaruka, moja huku moja kule. Nikashusha. Nikavisha bomba nikasimama juu yake.

"Kanyaga, bibi!" Bi Mize akapiga makofi. "Kanyaga kama shingo ya mke mwenza!"

"Sijapata kuwa na mke mwenza."

"Ndiyo maana huna nguvu! Kanyaga kama shingo ya shemeji basi!"

Hapo nikakanyaga vizuri. Wale wa Jambiani walinishika mabega nisianguke, na nati ya nne ilipokaza wote wanne tulikuwa tunacheka na mimi machozi hayajakauka. Tukala muhogo. Tukarudi nyuma kwa miguu kipande cha barabara kuitafuta nati ya tano, tusiione.

Makunduchi

Nilifika jua linakaribia kuzama, kwa mwendo wa pole, nikisimama kila baada ya muda kuzigusa nati. Hazikutoka. Bi Mwaka alikuwa ameketi mlangoni na furushi lake tangu adhuhuri. Chakula alichonitunzia, wali wa nazi na pweza, kilikuwa kimepoa na kupashwa na kupoa tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeisikia gari ya Makame. Imebadilika sauti."

Haji naye alikuwapo. Akaizunguka gari, lakini kiza kilikuwa kimeanza, sikujua kaona nini. Ningeweza kunyamaza. Mpira umekaza, nati nne zinaweza kutufikisha mjini, na tulichopatana kilikuwa kufika, na nimefika. Tena kusema ni kumvua nguo marehemu mbele ya mama yake na ndugu yake. Lakini nilikuwa nampakia mama wa watu ndani ya gari hiyo. Nikawaambia tukiwa kwenye mkeka, kabla sijatia tonge mdomoni. Nikaeleza yote, na kwamba fundi alitaka kuzikaza nikamkataza mimi.

Bi Mwaka aliacha kula. Anazungumza Kimakunduchi, nami nakiandika kwa maneno yetu.

"Alipokuja mara ya mwisho nilimwambia aniteremshie gunia la nazi darini," alisema. "Alipanda, akashuka mikono mitupu. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Akaniapisha nisikwambie."

"Mimi hakuniambia chochote, mama."

"Nami nikanyamaza. Nilidhani wewe unalala naye, unaona."

"Sikuona."

Akaupapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu. Tulikaa hivyo, na wali ukapoa mara ya tatu. Haji akainuka, akasimama mlangoni ametupa mgongo.

"Nati moja haipo," akasema. "Gari haitoki hapa hivyo, shemeji." Akaenda zake.

Nikajua imekwisha. Sikumlaumu. Kama ningekuwa yeye, nami nisingemwacha mama yangu apande.

Asubuhi niliamshwa na mlio wa chuma nyuma ya nyumba, ambako Haji ana gari yake mbovu imelala juu ya mawe, ya aina moja na yetu. Nilipotoka alikuwa anakuja na nati kiganjani, mikono ina oili mpaka viwikoni. Nikadhani ataipeleka kwenye mpira mwenyewe. Akafungua kiganja changu, akaniwekea nati ndani, ina joto la mkono wake.

"Funga," akasema.

Nikatandika gunia. Nikaizungusha kwa vidole mpaka ikashika, nikavisha bomba, nikapanda. Haji alisimama kando, hakunishika bega. Nilipomaliza akaichukua spana, akachutama, akaijaribu nati ya kwanza kwa nguvu zake zote. Haikwenda. Akaruka, akajaribu ya kule. Haikwenda. Akajaribu zote tano kwa utaratibu ule ule wa kaka yake, na hakuna iliyosogea.

Akainuka akapangusa mikono. Spana, jeki na bomba akavirudisha ndani ya buti la gari kimoja kimoja, akaufunga mlango wa nyuma, akazunguka akafungua mlango wa mbele.

"Mama," akaita. "Njoo upande. Shemeji anakungoja."